Wekundu wa bahari ya Malindi: tusiwasingizie wa juu peke yao

Mkulima wa Goshi (mwanzisha uzi)

Salaam wanajamvi.

Kila mvua zikikolea bara, simu zetu hujaa picha za bahari iliyogeuka nyekundu kuanzia mlango wa Sabaki mpaka mbele ya mji. Chini ya kila picha lawama ni ile ile: watu wa juu wanatumwagia udongo wao.

Sisemi ni uongo. Huu ni mto wa pili kwa urefu nchini baada ya Tana. Unaanzia pande za Nairobi ukiitwa Athi, unapita Ukambani, unakutana na Tsavo na kuitwa Galana, halafu unatufikia sisi ukiwa Sabaki. Lazima ubebe ya kote ulikopita. Tena ushahidi upo hapa hapa kwetu. Kuna wanasayansi waliotoboa tumbawe moja kubwa la Malindi lenye umri wa miaka kama 300, wakalipima tabaka kwa tabaka. Udongo wa mto huja na madini ya bariamu, na tumbawe likikua huyaingiza kwenye mifupa yake, kwa hiyo mwaka wa tope jingi ni mwaka wa bariamu nyingi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2007. Kuanzia miaka ya 1700 tope lilikuwa dogo, halipandi wala halishuki sana. Karne ya 20 ilipoanza, walowezi wakachukua nyanda za juu na wenyeji wakabanwa kwenye miteremko, tope likapanda vibaya.

Hayo ni ya mto. Lakini shamba lako la Marafa, la Ganda, la Kakoneni, linamwagika wapi?

Fanyeni hesabu hii. Ekari moja, maji yakwangue milimita moja tu, kitu ambacho kwa jicho hukioni. Ni mita nne za ujazo za udongo, yaani tani tano na ushei. Masika moja yenye mvua mbili tatu za kishindo kwenye shamba lililo uchi inaweza kuondoa zaidi ya hapo, na sentimita moja ya udongo mpya huchukua mamia ya miaka kujitengeneza. Hakuna mjukuu atakayeusubiri.

Watalii hulipa kiingilio pale Marafa kuangalia Nyari, zile kuta nyeupe, za waridi na nyekundu jua likizama. Tunapaonea fahari, na ni haki. Lakini ule ni mmomonyoko. Mzuri, wa rangi rangi, ila mmomonyoko. Mchanga uliokatika pale ni mchanga ule ule tunaoulima sisi.

Msimamo wangu: kinachotumaliza sisi wa huku ni ardhi kuachwa wazi, na kibiriti. Nakaribisha wa kunipinga.

Nahodha wa Shela

Ami, nyinyi wa kondeni mnaona udongo unapoondoka, sisi tunaona unapofikia.

Nyongeza kidogo kwa wasiokwenda baharini. Tope halikai mahali pamoja. Kusi ikivuma linasukumwa kaskazini, Mambrui, Ngomeni, mpaka ghuba ya Ungwana. Kaskazi ikiingia ndipo linatugeukia, linashuka mpaka kwenye matumbawe ya hifadhi ya bahari. Ile hifadhi ilitangazwa mwaka 1968, na tumbawe linataka mwanga. Maji yakichafuka muda mrefu linadhoofika, likifunikwa linakufa, na samaki wa miamba wanahama.

Ila niseme haki, tope si adui wa kila mtu. Kamba wa Ungwana wanalipenda, na walioneemeka kwa kamba wanajua. Ufuo nao umenenepa: mbele ya mji bahari imerudi nyuma, viwanja vilivyokuwa vya ufuoni sasa mtu anatembea mchangani mpaka achoke ndipo aguse maji. Upande wa mnara wa Vasco da Gama ni kinyume, mawimbi yanakula mwamba. Kwa hiyo wenye hoteli wamegawanyika, wengine wanalia na wengine wanalia zaidi.

Panga Kali

Mnaandika vizuri lakini mnaandika kimjini.

Mimi nalima Kakoneni. Nguvu kazi ni mimi, mke wangu, na watoto wakitoka shule. Nikifyeka nisichome, yale magugu niyaweke wapi? Nyoka, panya, kupe, wote watalala humo. Nikichoma, kwa siku moja konde ni safi, jivu linatia nguvu, na mahindi ya mwaka wa kwanza yanatoka kijani kizito mpaka jirani anauliza umetia nini. Babu zetu walichoma na walikula wakashiba. Msituletee ya vitabuni.

Mkulima wa Goshi

Kaka Panga Kali, babu alichoma kisha akahama. Hiyo ndiyo sehemu ya hadithi mnayoiruka. Konde lililala miaka kumi na zaidi, kichaka kikarudi, majani yakaoza, ndipo akalirudia. Wewe unachoma hapo hapo kila mwaka kwa sababu pa kuhamia hapako.

Jivu lina nguvu, sikatai. Lina potashi, lina fosforasi kidogo, linapunguza uchachu wa udongo, ndiyo maana mwaka wa kwanza unachekelea. Lakini nitrojeni na salfa zimepaa na moshi, na mboji imeungua kabla haijawa mboji. Kwenye udongo wa mfinyanzi ungepata nafuu, maana mfinyanzi wenyewe unashika chakula. Mchanga wetu haushiki kitu. Mboji ndiyo inayoshika maji, ndiyo inayoshika mbolea. Ukiichoma umebaki na chujio, na mvua ya kwanza kubwa inaondoka na jivu lenyewe.

Kuhusu nyoka: usitawanye magugu na mabua shamba zima. Yalaze kwa mistari inayokata mteremko, hatua kumi au kumi na tano kati ya mstari na mstari, kisha ulime katikati. Nyoka kama yupo, unajua yuko wapi. Maji yakishuka yanakuta kizuizi, yanatua mchanga, yanapita taratibu.

Panga Kali

Na mchwa? Hujawajibu mchwa. Mabua yakilala chini, mchwa wanakuja, wakimaliza mabua wanapanda mahindini.

Mama Pojo

Mwanangu, mchwa wa kwangu ni kinyume. Anapenda kikavu. Akikuta bua kavu chini ana kazi ya kufanya, akikuta konde limefagiwa kama ua wa harusi hana pa kwenda ila kwenye mhindi wako uliochoka na jua. Na yale matundu yake ndiyo maji yanapoingilia. Wangu wananilimia bure.

Mutua wa Kalama

Nimeona tumetajwa, naomba nijibu kwa heshima. Mimi ni Mkamba wa Machakos, kazi imenileta Malindi, na nina mashamba ya wazazi kule.

Miaka ya 1930 wakoloni waliandika kwamba Ukambani imekwisha, vilima vimebaki mifupa. Waliyoyaona yalikuwa kweli kwa kiasi kikubwa, ila dawa yao ikawa kuwapunguzia watu ng'ombe kwa nguvu na kuwauza kwa bei ya kutupa. Hawakusema kwamba wao ndio waliochukua malisho mazuri na kuwafungia watu kwenye miteremko. Mwaka 1938 Muindi Mbingu akaongoza umati, wazee, akina mama na watoto, mpaka Nairobi kudai ng'ombe wao. Walikaa huko wiki kadhaa, serikali ikalegea. Yeye akakamatwa akahamishiwa Lamu. Kwa hiyo huku pwani mlimpokea mfungwa wa siasa za udongo, sijui kama mnalijua hilo.

Baadaye watu wenyewe, kwa vikundi vya mwethya, yaani vya kusaidiana kazi, ndio walioziba vilima. Fanya juu: unachimba mtaro kukata mteremko, upana futi mbili na kina futi mbili, na udongo unautupa upande wa juu. Tuta linanasa kila kinachoshuka, unapanda majani juu yake ya kulishikilia na kulisha mifugo, na miaka inavyokwenda mteremko unajisawazisha wenyewe. Leo watu Machakos ni wengi mara nyingi kuliko wakati ule na vilima vina hali bora kuliko picha za wakoloni.

Tope bado linatoka, sikatai. Barabara za vumbi, mchanga unaozolewa mitoni, mashamba mapya kwenye nchi kavu za chini. Lakini msidhani huko juu watu wamelala.

Nahodha wa Shela

Lamu! Haya nimejifunza. Wallahi sikujua.

Mama Pojo

Karibu Malindi mwalimu, maana unaandika kama mwalimu. Ila hiyo fanya juu yenu isiwadanganye watu wa huku. Jirani yangu hapa Ganda aliiona kwenye simu, akalipa vibarua, wakachimba vizuri kabisa. Mvua moja tu kingo zikalala, mtaro ukajaa, tuta likasambaa. Udongo wenu una kinamo. Huu wetu ukiufumbata unapita katikati ya vidole.

Afisa Mstaafu

Nilikuwa nasoma kimya, lakini Mama Pojo kanigusa palipo na kazi yangu ya maisha, kwa hiyo mnivumilie, nitaandika kirefu.

Kabla mtu hajachimba chochote ajue ana udongo gani, na hii haihitaji maabara. Chukua chupa ya plastiki inayoonyesha, tia udongo thuluthi moja, jaza maji, ongeza chembe ya sabuni ya unga, funga, tikisa kwa nguvu, weka mezani usiiguse. Mchanga unatua kwa dakika moja hivi. Tope laini linatua kwa saa kadhaa. Mfinyanzi unaweza kuelea mpaka kesho na maji yakabaki na ukungu. Kesho yake shika rula, pima kila tabaka. Wengi wa ukanda huu mtakuta chupa karibu yote ni mchanga na juu kuna utepe mwembamba wa kingine. Kutoka ufuoni kwenda Gede ni mchanga na mawe ya matumbawe. Ukipanda Magarini na Marafa ni mchanga mwekundu. Kando ya Sabaki, Jilore na kushuka, mna tope la mto, na nyinyi ndio mnaoweza kujaribu mitaro ya mwalimu Mutua.

Penye mchanga usichimbe, panda. Mstari wa majani ya vetiva uliobanana, au mchaichai kama unakunywa chai, au mabingobingo kama una ng'ombe. Mizizi ya vetiva inakwenda chini wima mita mbili na zaidi, haisambai kuiba chakula cha mahindi. Mche mmoja unaupasua unapata mingi, kwa hiyo usinunue mingi, nunua kidogo uzalishe nyumbani kwa maji ya kuogea.

Sasa, mistari ifuate usawa wa ardhi, si macho yako. Macho hudanganya sana kwenye mteremko mdogo, na miteremko yetu mingi ni midogo na mirefu, ndiyo maana mtu anadhani shamba lake ni tambarare huku linahama. Tengeneza fremu ya A. Fito mbili zilizonyooka, kila mmoja mita mbili hivi, zifunge pamoja juu na zitanue chini. Ufito wa tatu ufunge kukingama katikati. Kutoka kileleni ning'iniza kamba yenye jiwe, ifike chini ya ule ufito wa kukingama. Simamisha fremu, weka alama ardhini kila mguu ulipokanyaga, jiwe likitulia tia alama ya makaa pale kamba inapogusa ufito. Igeuze, mguu wa kulia ukanyage ulipokuwa wa kushoto, tia alama ya pili. Katikati ya hizo alama mbili tia ya tatu, na hiyo ndiyo unayoitumia.

Ukianza kazi, piga kigingi, mguu mmoja ukae hapo, mguu wa pili uuchezeshe juu na chini mpaka kamba itulie kwenye alama ya tatu. Piga kigingi cha pili. Zungusha, endelea mpaka mwisho wa shamba. Ukirudi nyuma ukaangalia utacheka, mstari umepinda mahali ambapo ungeapa ni sawa. Panda hapo hapo. Ifanye siku isiyo na upepo, kusi inachezea kamba.

La mwisho kwa leo. Tingatinga za kukodi zinalima kwa kuteremka, kwa sababu dereva analipwa kwa ekari na kukata kona kunakula dizeli yake. Kila mfereji wa plau unakuwa mfereji wa maji. Mwongezeni pesa kidogo alime kwa kukingama, itawarudia.

Kijana wa Maweni

Mzee, wengine haya wanayauza semina mbili na soda. Shukran. Picha ya hiyo fremu tafadhali, mimi ni mzito.

Afisa Mstaafu

Nitaipiga mjukuu akija na simu yenye kamera nzuri. Lakini soma tena ukiwa na fito mkononi, utaelewa.

Na wenye minazi, nilisahau: makumbi msichome wala msiyauze yote. Chimba mtaro wa duara hatua mbili kutoka shinani, panga makumbi tumbo likiangalia juu, funika. Yanashika maji ya mvua kwa miaka kadhaa, na wakati wa kiangazi mnazi wako na wa jirani utaviona tofauti kwa makuti.

Skwota Mstaarabu

Nimesoma yote. Yote ni mazuri kwa mwenye shamba.

Mimi nimezaliwa kwenye ardhi ambayo mwenye hati simjui sura. Sheria ya hati za mwambao ni ya mwaka 1908, iliyomtaka mtu ajitokeze kudai ardhi yake, na Wamijikenda wengi madai yao hayakuandikwa. Ardhi ikawa ya Serikali au ya watu wengine, na sisi tukawa maskwota pale pale tulipozika wazee. Nikipanda mkorosho au mwembe, wakala wa mwenye shamba anasema natengeneza ushahidi. Nikipanda mstari wa vetiva unaoonekana kutoka barabarani, atauliza nani kanipa ruhusa ya kupima shamba. Kwa hiyo napanda mahindi na muhogo, navuna, nangoja barua. Nani atamhifadhia udongo mtu atakayemfukuza?

Na msije na miradi. Wazee wa Magarini wanaukumbuka ule wa makazi, mwishoni mwa miaka ya 70 na miaka ya 80, kwa pesa za Australia. Viwanja vikachorwa kwa rula, kichaka kikafyekwa, visima havikutoa maji ya kutosha, na kilimo cha kwenye karatasi hakikuelewana na mchanga. Waaustralia wakafunga virago. Baada ya hapo tukaambiwa wenyeji ni wavivu.

Mutua wa Kalama

Hili lako ndilo zito kuliko yote humu. Hata kule kwetu, watu walianza kuchimba kwa moyo walipojua shamba ni lao na kahawa au machungwa yatauzwa kwa jina lao. Makinga maji ya kulazimishwa na wakoloni mengi yalipuuzwa hata yakabomoka.

Mama Pojo

Mwanangu Skwota, la hati halina jibu la jembe, hilo litafutiwe kwingine na mimi niko nanyi. Lakini kunde hazidaiwi hati. Pojo hazidaiwi hati. Panda kunde zinazotambaa kati ya mistari ya mahindi mara mahindi yakifika magotini, zitafunika ardhi kabla mvua kubwa hazijaisha, utakula majani, utakula mbegu, na mizizi inakuachia nitrojeni. Ukivuna kata shina, usiing'oe.

Mbaazi nayo wakala hawezi kuiita mti. Inakaa misimu miwili mitatu, inaangusha majani, mizizi yake inapasua ardhi ngumu, na fito zake napikia uji. Isipokuwa muhogo ndio nakushauri usiupande peke yake. Miezi ya mwanzo unaacha ardhi wazi kabisa, na siku ya kuung'oa unafukua shamba zima. Uchanganye na kunde.

Wewe hifadhi kwa sababu wewe ndiye unayekula hapo mwaka huu. Wa hati atakuta alivyokuta.

Skwota Mstaarabu

Nimekuelewa shangazi. Kunde nitazitia. Lakini mlioandika hapo juu, msiandike tena kana kwamba mkulima hajali.

Dawa ya Mahindi

Swali la haraka wazee. Natia DAP kila msimu kupandia na CAN ya kukuzia, miaka mingi sasa, na kila mwaka napata kidogo kuliko mwaka uliopita. Mbolea ni feki au udongo umekufa?

Afisa Mstaafu

Feki zipo, lakini anza na udongo. DAP ina amonia, na miaka ikipita inauongezea udongo uchachu, hasa mchanga usio na mboji ya kuuzuia. Ukishakuwa mchachu, fosforasi uliyoinunua inajifunga mahali mzizi hauifikii. Pili, mchanga unavuja. CAN ukiitia yote siku moja ikanyesha usiku, umeilisha Sabaki. Igawe mara mbili, kidogo kidogo, na itie juu ya udongo ulio na samadi.

Ila usikimbilie kununua chokaa kwa sababu umesoma hapa. Kama shamba lako liko kwenye mawe ya matumbawe, tayari lina chokaa ya asili na ukiongeza unaharibu. Pima. KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, wana kituo Mtwapa, waulize utaratibu wa vipimo. Namna ya kuchukua sampuli ndiyo watu wanayoikosea: usichote mahali pamoja karibu na nyumba. Tembea shamba kwa kwenda kombo, chota sehemu kumi hadi kumi na tano, kina cha shibiri moja, ruka palipokuwa boma, kichuguu au tanuri la makaa. Changanya zote kwenye ndoo safi isiyowahi kubeba mbolea, anika kivulini, chukua nusu kilo, andika jina na mahali. Ukiwa na shamba la rangi mbili, ni sampuli mbili.

Boriti na Fito

Mimi nitawaudhi. Wakulima wengi wa kando ya mji wanaacha mahindi wanapanda mivinje, na sababu ni hesabu: miaka michache tu una fito na boriti, mteja anakuja na lori mwenyewe. Tena upepo unatulia na mchanga hauruki. Lakini naambiwa mvinje unaua ardhi, chini yake hapaoti kitu. Kweli?

Mkulima wa Goshi

Nusu kweli. Chini ya mivinje iliyobanana ni giza na zulia la sindano, na sindano zinaoza polepole. Lakini mvinje wenyewe unajitengenezea nitrojeni kwa vijidudu vya mizizini, kama kunde ingawa vijidudu ni vya aina nyingine. Mfano mkubwa ni Bamburi. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa mimea kutoka Uswisi, alianza kupanda miti kwenye machimbo ya mawe ya saruji, mahali ambapo hapakuwa na udongo kabisa, mwamba mtupu wa matumbawe na maji ya chumvi karibu. Miti mingi ikafa, mvinje ukasimama. Tatizo likawa hilo hilo la sindano kutooza. Akaleta jongoo, wale wakubwa wenye miguu myekundu. Jongoo wakala sindano, kinyesi chao kikawa chakula cha vijidudu, udongo ukaanza kutokea juu ya mwamba. Leo ni msitu.

Kwa hiyo mkikuta jongoo kondeni msimmwagie mafuta ya taa. Na fito mkikata, matawi na sindano ziacheni shambani, kinachouzwa kiwe fito peke yake.

Panga Kali

Jongoo sasa wamekuwa maafisa kilimo. Haya.

Nimeamua hivi: upande wa juu nitalaza mistari ya mabua, upande wa chini nachoma kama kawaida. Nikivuna nitaleta magunia hapa tuhesabu mbele ya watu.

Mama Pojo

Andika na mvua zilikuwaje, usije ukatuzungusha.

Mzazi wa Marafa

Naombeni msaada wa haraka, haya mengine tutayaendeleza. Barabara yetu ilichongwa, mitaro yote miwili ikaelekezwa shambani kwangu. Nimelalamika, nikaambiwa maji hufuata njia yake. Masika iliyopita lilikuwa korongo la kuruka, sasa mbuzi akiingia hatoki mwenyewe, na kichwa cha korongo kinapanda kuelekea jikoni. Nimejaza takataka na mawe chini, mvua imeyabeba yote. Nimeweka picha mbili.

Afisa Mstaafu

Usijaze chini. Korongo linakula kuelekea juu, kwa hiyo kazi inaanzia juu ya kichwa chake, mahali maji yanapoingilia. Kwanza punguza maji: kata tuta la kukingama hatua ishirini hivi juu ya kichwa, lenye mteremko mdogo sana, liyapeleke kwenye majani au kichaka upande, yatawanyike. Yasipelekwe kwa jirani, mtagombana.

Pili, kichwa chenyewe ukichonge kilale, kisibaki ukuta wima, kisha ukifunike kwa majani na mawe. Tatu ndiyo uingie ndani: vizuizi vidogo vingi, si kimoja kikubwa. Magunia ya mchanga au vigingi vya mwarobaini vilivyosukwa kwa fito, katikati pawe chini kuliko pembeni ili maji yapite katikati yasitafune kingo. Kitako cha kizuizi cha juu kiwe usawa na kilele cha kile cha chini yake, ndivyo unavyojua umbali wa kati. Na chini ya kila kizuizi panga mawe maji yanapoangukia, la sivyo yatachimba kwa nyuma.

Picha ya pili inaonyesha maji mengi yanaingia upande wa kushoto, karibu na mkorosho. Anzia hapo, na uwahi kabla ya vuli. Kuhusu barabara, andika barua, ambatanisha picha zenye tarehe, nakala ipelekwe kwa chifu na kwa mwakilishi wa wadi, baki na yako iliyogongwa muhuri.

Mzazi wa Marafa

Shukran sana mzee. Vigingi vya mwarobaini vinachipuka vikichomekwa vibichi au vinaoza?

Afisa Mstaafu

Mwarobaini usitegemee uchipuke. Unaotaka uchipuke tumia glirisidia, matawi mabichi ya unene wa mkono, urefu mita moja na nusu, uyakate mvua zikikaribia, theluthi iingie ardhini. Changanya: mwarobaini ubebe uzito mwaka huu, glirisidia ishike mwakani.

Mama Pojo

Glirisidia ninayo ua mzima, nataka kuipunguza. Njoo na panga na mkokoteni, matawi ni bure.